Je, Moto wa Jua Unaweza Kuwasha Taa za Mamboleo? Somo Kuhusu Nishati ya Muungano wa Viini

Ukipita makutano ya Mamboleo saa moja jioni, pale barabara ya Kakamega inapoachana na ile ya Miwani na Chemelil, utaona ni kazi ngapi zinazotegemea stima: kinyozi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye poshomili, mwuza samaki mwenye friza, na mwanafunzi anayemalizia kazi ya shule. Stima ikipotea, kila mmoja wao huhesabu hasara yake. Ndiyo maana habari yoyote ya umeme mwingi na wa bei nafuu husikilizwa kwa makini.

Siku hizi kuna habari mbili ambazo wananchi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mpango wa serikali ya kitaifa wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia. Mpango huo ulipata upinzani wa wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, na tangu mwaka 2025 mazungumzo yamehamia kwa jirani zetu wa Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Ya pili ni habari kutoka ng'ambo kwamba wanasayansi wametengeneza "jua dogo" hapa duniani, litakalotoa umeme usiokwisha. Wapo wanaodhani ni kitu kimoja. Wapo pia wanaouliza: kwa nini tusilingoje hilo jua dogo?

Somo hili linaeleza tofauti ya mambo hayo mawili, linapima utafiti wa "jua dogo" umefika wapi, na linampa mwananchi maswali ya kuuliza kabla ya kuamini ahadi yoyote ya umeme.

Kupasua na kuunganisha

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini katikati yake. Nishati ya nyuklia hutoka ndani ya kiini hicho. Kuna njia mbili za kuitoa.

Njia ya kwanza ni kupasua kiini kizito, kama cha urani. Kiini kikipasuka hutoa joto, na pia hutoa nyutroni zinazokwenda kupasua viini vingine. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha tabo, na tabo huzalisha umeme. Hii ndiyo teknolojia inayozungumziwa Siaya. Inatumika duniani kwa miaka mingi. Kituo cha kwanza kuingiza umeme wake katika gridi kilianza kazi Obninsk, Muungano wa Kisovieti, mwaka 1954. Barani Afrika, kituo cha Koeberg karibu na Cape Town kimekuwa kikizalisha umeme tangu mwaka 1984.

Njia ya pili ni kinyume chake: kuunganisha viini vyepesi, hasa vya haidrojeni, viwe kiini kimoja cha heliamu. Hivi ndivyo jua linavyowaka. Mwanasayansi Mwingereza Arthur Eddington alitoa wazo hilo mwaka 1920. Mwaka 1952 Marekani ililipua bomu la kwanza kubwa la aina hii. Tangu hapo ilijulikana kwamba binadamu anaweza kuunganisha viini. Swali lililobaki ni kama anaweza kufanya hivyo polepole, kwa usalama na kwa faida, ili achemshe maji badala ya kubomoa.

Linganisha miaka. Kutoka jaribio la kwanza la kupasua viini kwa mfululizo, lililofanyika Chicago mwaka 1942, hadi umeme wa Obninsk, ilipita miaka 12. Kutoka bomu la mwaka 1952 hadi leo imepita zaidi ya miaka 70, na hakuna hata nyumba moja duniani inayopata umeme wa kudumu kutoka kituo cha muungano wa viini.

Kwa nini kuunganisha ni kugumu

Viini vyote vina chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana, kama ncha mbili za sumaku zilizo sawa. Ili vikaribiane na kushikana, lazima viende kwa kasi kubwa mno, na kasi hiyo maana yake ni joto. Kiini cha jua kina nyuzijoto milioni 15 hivi, nacho husaidiwa na uzito wa jua lenyewe unaogandamiza kila kitu kuelekea katikati. Hapa duniani hatuna uzito huo, hivyo mashine zetu lazima zifike nyuzijoto milioni 100 na zaidi.

Hakuna sufuria inayoweza kubeba moto wa namna hiyo. Watafiti wana njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuning'iniza gesi hiyo yenye joto, iitwayo plazima, ndani ya uga wa sumaku zenye nguvu, katika chumba chenye umbo la andazi la duara lenye tundu katikati. Mashine hiyo huitwa tokamaki, na ilibuniwa na Wasovieti. Njia ya pili ni kupiga punje ndogo ya mafuta kwa miali ya leza kutoka pande zote, ili ibanwe na kuwaka kabla haijatawanyika.

Mafuta yanayotumiwa ni aina mbili za haidrojeni. Moja ni deuteriamu, ambayo imo katika maji yote, yakiwemo ya Ziwa Victoria. Mtungi wa maji wa lita 20 una zaidi ya nusu gramu yake. Ya pili ni tritiamu. Hii ni ya mionzi, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo haipatikani kwa wingi katika mazingira. Tutairudia hapa chini.

Hesabu ya tokeni

Magazeti yalipoandika kwamba jaribio limetoa "nishati zaidi ya iliyoingizwa", wengi walielewa kwamba kazi imekwisha. Tuipime habari hiyo kwa kipimo tunachokijua sote: yuniti moja ya tokeni ya stima. Yuniti moja ni sawa na megajuli 3.6.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore huko California ilipiga punje ya mafuta kwa leza zenye megajuli 2.05, na punje ikatoa megajuli 3.15. Hili lilikuwa jambo kubwa katika sayansi, kwa sababu hakuna maabara iliyokuwa imewahi kupata zaidi ya ilichoweka kwenye mafuta. Lakini geuza hesabu iwe yuniti. Megajuli 3.15 haifiki hata yuniti moja ya tokeni. Na ili leza hizo ziwake, mitambo yake ilivuta kutoka kwenye gridi takriban megajuli 300, yaani zaidi ya yuniti 80. Mfanyabiashara wa Mamboleo anayetumia yuniti 80 ili apate moja hawezi kumaliza mwezi.

Mwaka 2025 maabara hiyo hiyo ilifikia megajuli 8.6 kwa pigo moja. Ni maendeleo ya kweli, ila bado ni yuniti mbili na nusu hivi, na hiyo ni joto, si umeme. Isitoshe, kituo cha umeme cha aina hii kingehitaji kupiga punje mara kadhaa kila sekunde, mchana na usiku. Kwa sasa mapigo hayo makubwa ni machache, na kila moja huandaliwa kwa muda mrefu.

Upande wa tokamaki, mashine iliyoitwa JET huko Culham, Uingereza, ilitoa nguvu ya joto ya megawati 16 kwa muda mfupi mwaka 1997, ikiwa imeingiziwa joto la megawati 24. Mwaka 2023, kabla ya kufungwa, ilitoa jumla ya megajuli 69 kwa sekunde chache. Hiyo ni yuniti 19 hivi, sawa na joto la kilo mbili na ushei za makaa. Ajabu ni kwamba mafuta yaliyotumika yalikuwa milligramu 0.2 tu, kidogo kuliko chembe ya mchanga. Hapo ndipo unaona kwa nini wanasayansi hawakati tamaa. Hata hivyo, JET nayo ilitumia umeme mwingi kuliko joto ililotoa.

Mapema mwaka 2025, mashine ya EAST nchini China ilidumisha plazima kwa sekunde 1,066, na baada ya wiki chache WEST ya Ufaransa ikafika sekunde 1,337, yaani dakika 22. Majaribio hayo yalihusu kuushikilia moto. Hayakuwa ya kuzalisha nishati. Ni sawa na mtu aliyejifunza kushika usukani vizuri kabla hajabeba abiria.

Ngazi nne kutoka maabara hadi soketi

Ili utafiti huu uwe umeme wa kawaida, lazima upande ngazi nne. Mwananchi akizijua, hatadanganywa na kichwa cha habari.

Ngazi ya kwanza: mafuta yatoe joto zaidi ya lile lililoingizwa ndani yake. Ngazi hii imepandwa kwa leza mwaka 2022. Kwa tokamaki bado.

Ngazi ya pili: kituo kizima kitoe umeme zaidi ya unaotumiwa na mashine zake zote, pamoja na sumaku, pampu na mitambo ya kupoza. Joto likigeuzwa umeme kwa mvuke, zaidi ya nusu yake hupotea. Hakuna aliyepanda ngazi hii.

Ngazi ya tatu: kituo kifanye kazi miezi na miaka bila kuharibika. Muungano wa viini hurusha nyutroni zenye kasi kubwa, ambazo hupiga kuta na kudhoofisha chuma. Zaidi ya hayo, kituo lazima kijitengenezee tritiamu. Kiasi kilichopo duniani kwa matumizi ya kiraia ni makumi machache tu ya kilo, ilhali kituo cha megawati 1,000 za joto kingetumia takriban kilo 55 kwa mwaka mmoja. Njia inayokusudiwa ni kuzungushia kuta madini ya lithiamu, ambayo yakipigwa na nyutroni huzaa tritiamu. Kanuni hiyo inajulikana, lakini bado haijafanya kazi katika kituo kamili.

Ngazi ya nne: bei. Wengi husema kwamba kwa kuwa mafuta yanatoka majini, umeme utakuwa karibu bure. Tuangalie kwetu Nyakach. Maji ya mto Sondu hayanunuliwi, lakini umeme wa Sondu Miriu haugawiwi bure. Palihitajika handaki la zaidi ya kilomita sita, mitambo ya megawati 60, mikopo ya kulipwa, wahandisi, na nyaya za kusafirisha. Mtambo wa Sang'oro unatumia maji yale yale mara ya pili kuzalisha megawati 21, nao pia ulijengwa kwa fedha. Gharama kubwa ya umeme mara nyingi iko katika ujenzi na nyaya, si katika mafuta pekee. Mashine za muungano wa viini ni miongoni mwa mashine ghali na ngumu kuliko zote zilizowahi kujengwa.

Ahadi na tarehe

Mradi mkubwa kuliko yote ni ITER, unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Lengo lake ni kutoa joto la megawati 500 kutokana na joto la megawati 50 litakaloingizwa kwenye plazima. Hata ikifaulu, ITER haitauza umeme, kwa kuwa haikujengewa tabo. Ni mashine ya utafiti. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 inaonyesha kwamba majaribio kamili kwa deuteriamu na tritiamu yataanza mwaka 2039.

Kampuni binafsi zinaahidi kasi zaidi. Commonwealth Fusion Systems ya Marekani inajenga mashine ndogo iitwayo SPARC karibu na Boston, yenye sumaku za aina mpya, na imesema inataka kituo cha umeme huko Virginia mapema katika miaka ya 2030. Helion imeahidi kuiuzia Microsoft umeme kuanzia mwaka 2028. Huenda mojawapo ikafaulu. Lakini ahadi yenye tarehe haiwezi kuhesabiwa kama umeme uliopo.

Historia inatuonya. Januari 1958, watafiti wa mashine ya ZETA nchini Uingereza walitangaza kwamba wameelekea kupata muungano wa viini kwa joto. Miezi michache baadaye walikiri kwamba nyutroni walizoziona hazikutokana na joto hilo. Mwaka 1989, wanakemia wawili wa Utah, Marekani, walisema wamefanya hivyo ndani ya chombo cha maji mezani. Maabara nyingine zilipojaribu kurudia, matokeo hayo hayakuthibitika. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia hisa au kifaa cha "jua dogo", shika mfuko wako.

Olkaria inatufundisha nini

Je, basi utafiti huu ni kupoteza fedha? Hapana. Wakenya tunao mfano wetu wa utafiti uliochelewa kuzaa matunda.

Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke Olkaria vilichimbwa miaka ya 1950, navyo havikutoa mvuke wa kutosha. Kazi ikasimama. Ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Leo mvuke wa ardhini una uwezo wa zaidi ya megawati 900 nchini, na ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya. Sehemu ya nguvu inayofika Kisumu kupitia laini ya Olkaria na Lessos inatokana na kazi ambayo mwaka 1960 ingeweza kuitwa hasara.

Lakini tukumbuke pia jambo la pili. Katika miaka ile ya kungoja, nchi haikukaa gizani ikisema mvuke unakuja. Ilijenga mabwawa ya mto Tana na kuendelea. Utafiti ulipewa muda wake, na mahitaji ya siku hiyo yakapewa majibu ya siku hiyo.

Hali yetu leo

Jibu la swali la kichwa cha somo hili ni hili: muungano wa viini ni sayansi ya kweli na unaweza siku moja kutoa umeme, lakini hadi sasa haujalipa hata umeme unaoutumia. Uamuzi wowote unaofanywa sasa kuhusu Siaya, kuhusu jua, maji, upepo au nyaya zetu, haufai kuungoja, wala haufai kuchanganywa nao.

Anayepinga kinu cha Siaya asiseme "tungoje jua dogo", kwa kuwa hakuna anayejua siku yake. Anayekiunga mkono naye asikisifu kwa sifa za jua dogo. Kinu cha kupasua viini huacha taka zenye mionzi za kuhifadhiwa kwa maelfu ya miaka, na lazima kiendelee kupozwa hata baada ya kuzimwa. Mashine ya kuunganisha viini haina hatari ya moto huo kuendelea wenyewe, kwani ikiharibika plazima hupoa mara moja. Hata hivyo si safi kabisa: kuta zake huwa na mionzi kwa miongo kadhaa, na tritiamu ikivuja huweza kuingia majini. Kwa jamii zinazoishi kwa samaki na maji ya ziwa, maji ni jambo la kuuliziwa kwanza katika teknolojia zote mbili.

Ukubwa pia ni jambo la kuzingatia. Mwaka 2025 mahitaji ya juu ya umeme nchini yalikuwa zaidi ya megawati 2,300. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya gridi, ili ukizimika ghafla usiangushe mingine. Tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Hivyo hata tukipewa leo kituo cha megawati 1,000 cha aina yoyote, gridi yetu ingehitaji kuimarishwa kwanza.

Maswali matano ya kwenda nayo barazani

Katiba, katika Kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukiitwa kwenye kikao kuhusu mradi wowote wa umeme, uliza:

1. Mradi huu unavuta umeme kiasi gani kutoka kwenye gridi, na unarudisha kiasi gani? Takwimu ziwe za umeme, si za joto.
2. Ni wapi duniani mtambo kama huu umefanya kazi mwaka mzima bila kusimama kwa muda mrefu?
3. Nani anakopa, nani atalipa, na gharama hiyo itaingiaje katika bei ya tokeni?
4. Maji ya kupoza yatatoka wapi, na yatarudi ziwani yakiwa na joto gani na yamebeba nini?
5. Taka zitawekwa wapi, na nani atazisimamia sisi tukiwa hatupo tena?

Zoezi kwa wanafunzi

Chukua risiti ya tokeni ya nyumbani kwenu. Andika yuniti mlizotumia kwa wiki moja. Zidisha kwa 3.6 upate megajuli. Kisha ugawanye kwa 8.6, ujue ingehitajika mapigo mangapi ya leza ya California kufikia kiasi hicho kama joto lote lingegeuka umeme. Mwisho, jadilini na mwalimu wenu wa fizikia kwa nini idadi halisi ingekuwa kubwa zaidi.

Kijana anayelifanya zoezi hili leo anaweza kuwa na miaka thelathini hivi ITER itakapoanza majaribio yake kamili. Watakaojenga, kukagua na kusema ukweli kuhusu mashine hizo watatoka katika madarasa ya hesabu na fizikia ya sasa, na hakuna sababu baadhi yao wasitoke Mamboleo.